Malisho ya Nairobi, Malisho ya Mombasa

Siku ya nane baada ya mama kuzikwa, watu wazima wa ukoo wetu walikaa kwenye mkeka katika chumba cha mbele wakatugawa. Sisemi hivyo kwa ubaya. Ndivyo inavyofanywa kwetu, na walifanya kwa upole, shangazi akinipangusa machozi kwa ncha ya shuka yake. Baba alikuwa ametangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, na tulibaki wanne. Mdogo wangu wa kiume, wa miaka kumi na moja, angeenda Merti kwa baba mdogo akachunge. Anayemfuata, msichana wa miaka minane, angeenda Marsabit kwa mama mdogo. Kitinda mimba, naye msichana, ambaye alikuwa hajaweza hata kutamka jina lake, angebaki na shangazi, mtaa wa pili. Mimi, kwa kuwa nilikuwa kidato cha pili na walimu walinisifu, ningelazwa bwenini nimalize shule.

Katika mgao huo aliyepata fungu zuri ni mimi. Labda ndiyo sababu niliweza kulikataa.

"Hakuna anayetoka," nilisema.

Shangazi aliniangalia kama mtu aliyesikia mbuzi akimsalimia. "Na utawapa nini hawa?"

Jumatatu iliyofuata sikuvaa sare. Nilikwenda kwa wanawake wanaouza maziwa ya ngamia karibu na stendi, nikawaomba waniache nioshe mitungi yao.

Ndiyo kazi ninayoifanya mpaka leo, ingawa sasa mitungi ni yangu. Maziwa yanaletwa na gari kutoka malishoni. Tunayaonja, tunayachuja, tunayamimina katika mitungi ya plastiki iliyofukizwa kwa kijinga cha moto mpaka ndani kukawa na harufu ya moshi, maana bila moshi maziwa ya ngamia hayana subira. Basi la asubuhi linayapeleka Nairobi, yanapokewa mtaa wa Islii yakiwa bado mazuri, na jioni basi hilohilo linaturudishia mitungi mitupu. Kila mwanamke ana alama yake. Yangu ni uzi mwekundu kwenye mshikio. Kwa karibu miaka kumi uzi huo ulikwenda Nairobi na kurudi kila siku. Mimi mwenyewe sikuwahi kufika.

Mwaka jana, ndani ya wiki moja, ule mgao wa mkekani ulirudi mlangoni kwetu ukiwa na sura nyingine.

Mdogo wangu wa kiume amekuwa fundi wa malori. Alijifunzia kwenye gereji moja hapa mjini, chini ya magari yanayoteremka kutoka Moyale, na mikono yake ina weusi usiotoka hata siku ya Idi. Wiki hiyo alipigiwa simu na dereva mmoja aliyemtengenezea gari: huko Mombasa, kwenye yadi ya malori, walitaka fundi wa kudumu. Siku tatu baadaye mdogo wangu wa kike, ambaye amesoma mpaka pale mimi sikufika na akapita, alipata barua ya kuitwa chuo cha uuguzi Nairobi. Na kitinda mimba alikuwa anamaliza gredi ya sita, hivyo popote tutakapokuwa Januari ilikuwa lazima awe na shule.

Ijumaa hiyo shangazi alikuja baada ya swala. Tangu siku ile ya mkeka tumepatana, tena sana. Yeye ndiye aliyekuwa akimlaza kitinda mimba siku nilizokuwa nikipokea maziwa alfajiri. Alikaa, akavua viatu, akasema kwa furaha kabisa:

"Alhamdulillahi. Umemaliza sasa. Huyu aende Mombasa, huyu aende Nairobi, mdogo abaki na mimi. Na wewe tukutafutie mtu kabla hujaanza kunuka moshi moja kwa moja."

Wote walicheka. Mimi nilicheka pia, lakini ulikuwa mgao uleule niliousikia nikiwa na miaka kumi na sita. Nilimwambia tutahama wote, kwenda mji mmoja, nyumba moja, mpaka kitinda mimba amalize shule.

"Mji upi?" aliuliza.

Hapo ndipo nilipokwama.

Miji yenyewe ni miwili tu, na kila mmoja ulikuwa na mtu wake ndani ya nyumba. Muuguzi wetu angeweza kusomea Mombasa, kuna chuo kilikuwa tayari kumchukua, lakini mwaka unaofuata. Fundi angeweza kutafuta gereji Nairobi, lakini huko hakuna aliyekuwa amemwita. Kwa hiyo kila mji ulikuwa na mmoja wa kufurahi na mmoja wa kungoja, na chakula cha jioni kikawa baraza.

"Mombasa mtu anatoka jasho hata akiwa anaoga," muuguzi alisema.

"Na Nairobi anaoga mara moja kwa wiki kwa ajili ya baridi," fundi akajibu. "Halafu anajipaka manukato apande lifti."

"Afadhali lifti. Huko kwenu mtu akiitwa saa mbili anafika saa sita, anauliza kama chai imebaki."

"Huko kwenu mtu akianguka barabarani mnamruka huku mnaangalia saa."

"Kwenu ni wapi?" kitinda mimba aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye daftari lake. "Wewe umefika Nanyuki tu. Na wewe ulienda Nairobi siku moja na shule, ukatapika kwenye basi."

Wakaanza tena. Niliwaacha. Nilikuwa nimeona kwamba kila mmoja anaongea juu ya mji aliousikia, na mimi ndiye niliyepaswa kuamua kwa niaba ya wote.

Nilimkumbuka baba. Kabla hajahamia mjini na kuanza biashara ya kununua na kuuza ng'ombe sokoni, alikuwa mmoja wa vijana wanaotumwa mbele kuangalia malisho kabla ya watu kuhama. Alipenda kutusimulia kazi hiyo. Alisema mtu mjinga akifika mahali anaangalia majani. Majani yanaweza kuwa marefu na yasiwe na kitu. Wala huwaulizi wenyeji, kwa sababu aliye na malisho mazuri atakuambia hapa ni pabaya, na anayeogopa kukaa peke yake atakuambia njooni. Unakaa kimya karibu na maji, jioni, unaangalia ng'ombe wa watu wakirudi: matumbo yao, kinyesi chao, wanavyoinua miguu. Ng'ombe aliyekaa mahali mwezi mzima hana uwezo wa kuficha.

Nikaamua nitaangalia watoto. Ningekwenda katika miji yote miwili, nikae kwa watu wetu waliotoka hapa Isiolo, na jioni niangalie watoto wao wakirudi.

Nilianza na Nairobi. Nilipanda basi la maziwa asubuhi, nikaketi juu ya mitungi yangu mwenyewe kama mzigo. Islii nilipokewa na mwanamke anayenunua maziwa yangu, ambaye kwa miaka yote hiyo nilimjua kwa sauti ya simu tu. Nilimdhania mnene. Alikuwa mwembamba, mrefu kuliko mimi, na mjane, jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Alinikumbatia, akanivuta pembeni kidogo aniangalie.

"Kumbe wewe ni mtoto," alisema. "Na vile unavyonigombeza kwa simu."

Anakaa ghorofa ya nne pamoja na watoto watatu. Saa kumi nilikaa kwenye ngazi, mahali ninapoweza kumwona kila anayepanda. Watoto wake walifika pamoja, wametoka shule, wakapita duksi kusoma Kurani, sasa wanarudi. Walinisalimia vizuri sana: salaam aleikum, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu. Mkubwa, msichana wa miaka kumi na tatu, alikuwa na ufunguo kwenye uzi shingoni. Alifungua geti la chuma, akawaingiza wenzake, akafunga tena kwa ndani. Aliwapasha chakula. Aliangalia daftari zao. Mdogo alipoanza kusinzia juu ya sahani, alimnyanyua kichwa kwa kidole kimoja, bila hasira, akampa kijiko kingine. Mama yao alikuwa bado sokoni.

Nilikaa siku tatu, na jioni zote tatu zilikuwa hivyo. Hawakuwa watoto wenye njaa. Daftari zao zilikuwa na alama nzuri, mama yao alinionyesha. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye ule ufunguo. Siku ya kuondoka nilimuuliza yule msichana anacheza saa ngapi. Alifikiri kwa muda, akasema, "Jumapili, wenye nyumba wakiruhusu tupande juu ya paa."

Mombasa nilikwenda wiki tatu baadaye, na huko nilianza kwa kosa ambalo mpaka leo wanawake wa stendi wananicheka nalo.

Nilitaka kumpelekea mwenyeji wangu zawadi. Alikuwa amekaa nami dawati moja tangu darasa la nne, akaolewa Kisauni, na katika simu alikuwa akiniambia hajaonja maziwa ya ngamia ya nyumbani kwa miaka mingi. Basi nikafukiza mtungi mdogo, nikachagua maziwa ya asubuhi, mabichi, matamu, nikaondoka nayo. Katika kichwa changu maziwa yakitoka Isiolo asubuhi yanafika mazuri. Ndivyo ilivyokuwa kila siku ya maisha yangu ya kazi. Haikunijia kabisa kwamba hiyo ni kweli kwa Nairobi tu, na kwamba nikifika Nairobi bado ningekuwa nusu ya njia. Niliubeba mtungi mapajani siku nzima, nikabadilisha basi, nikaubeba tena mpaka asubuhi ya pili, joto likipanda kadiri tulivyoteremka. Nilipofika nilimkabidhi kwa mikono miwili. Alifungua kifuniko, akanusa, akanitazama.

"Umelea susa njia nzima," alisema.

Susa ni maziwa yaliyochachuka. Yanapochachuka kwa kutayarishwa ni mazuri na yanakaa siku nyingi, ila haya yangu yalikuwa yamechachuka kwa bahati mbaya, yamegawanyika, maji juu na mabonge chini. Mimi, mwuza maziwa, niliona haya kiasi cha kutaka kurudi na basi lililonileta. Lakini yeye aliyatikisa, akamimina kikombe, akanywa chote amesimama mlangoni. Akamimina cha pili. Watoto wake walikuja kuonja wakakunja nyuso.

"Mama, hii imeharibika."

"Nyinyi ndio mmeharibika," aliwajibu, na akanywa na cha kwao.

Jioni nilikaa kwenye kibaraza. Watoto wake wawili walitupa mikoba ndani bila hata kuvuka kizingiti, wakatoweka. Nilingoja. Saa kumi na moja ikapita. Nilimuuliza mama yao wako wapi, akafikiri, akasema huenda wako kwa jirani wa nyuma, au kwa yule bibi wa viazi karai, au uwanjani, na akaendelea kusuka ukili aliofundishwa na mama mkwe wake. Magharibi ilipoadhiniwa walirudi wenyewe, midomo inang'aa mafuta, magoti yana mchanga, kila mmoja amekwisha kula mahali fulani. Binti alikuwa mdogo kwa kitinda mimba wetu kwa miaka michache. Alilala hapohapo kwenye mkeka akicheka jambo ambalo hakuweza kulieleza.

Nilisema moyoni: tumbo ndilo hili.

Mombasa ilikuwa na mabaya yake, na niliyaona. Maji ya bomba yalikuwa ya chumvi. Ya kunywa yalinunuliwa kwenye mkokoteni. Joto lilinikalia kifuani kama mtu. Dukani, nikifungua mdomo tu, walijua nimetoka bara, na mzee mmoja alinijibu polepole kama anayezungumza na mgonjwa. Hayo yote niliyachukua kama majani. Nilikuwa nimekuja kuangalia ng'ombe.

Nilirudi Isiolo nikiwa nimeamua, na nikafanya kama inavyofanywa. Nilimwita shangazi Jumamosi saa nne asubuhi. Nilikaanga buna, kahawa nzima pamoja na maganda yake, ndani ya samli, mpaka zikapasuka na nyumba ikajaa harufu ambayo huku kwetu inamwambia kila mpita njia kwamba kuna jambo. Shangazi aliomba dua. Kila mmoja alipewa punje zake mkononi. Tulizitafuna, kisha nikasema.

"Tunahamia Mombasa."

Fundi alijizuia kucheka. Muuguzi aliinamisha kichwa. Barua yake ya chuo ilikuwa imekaa wiki nyingi juu ya kabati, ndani ya mfuko wa plastiki ili isipate vumbi. Alisema, "Sawa, dada." Sikuwahi kusikia neno hilo likisemwa kwa heshima nyingi hivyo na kuniuma hivyo.

Nikawaeleza kuhusu watoto wa Nairobi na watoto wa Mombasa. Niliwaeleza kuhusu ufunguo. Nilieleza kirefu kuhusu ule ufunguo, nadhani. Shangazi alisikiliza huku akitoa ganda la buna kwenye jino.

"Mlikwenda wangapi kuangalia?"

"Peke yangu."

"Baba yako hakuwahi kutumwa peke yake," alisema. "Walitumwa wawili, wa nyumba mbili. Mmoja akiona mahali panafanana na pale alipoteseka akiwa mtoto, anapita upesi. Yule mwingine anamshika mkono: ngoja, mimi sikuteseka hapa."

Sehemu hiyo baba hakuwahi kutusimulia. Au alisimulia, na mimi nikachukua ile niliyoipenda.

"Huyo msichana wa ufunguo," shangazi aliendelea, "alikuambia anateseka?"

Hakuwa ameniambia. Nilikuwa nimemwangalia yeye nikamwona msichana mwingine, wa mtaa wetu wa Wabera, mwenye mtoto mgongoni na mitungi ya watu mikononi. Sikuwa nimeiangalia Nairobi siku zote zile. Nilikuwa nimeikimbia.

Hapo kitinda mimba akaweka punje zake za buna kwenye sahani. Hazipendi, huwa anazificha. "Dada, uliangalia watoto wa watu wote," alisema. "Mimi hukuniuliza."

"Haya. Ningekuuliza ungesema nini?"

"Nairobi."

"Kwa nini? Kwa sababu ya lifti?"

"Kwa sababu ya basi la maziwa. Linatoka hapa kila siku na linarudi kila siku. Tukichoka tutapanda na mitungi mitupu turudi tuone nyumba." Aliniangalia kama anayeeleza hesabu rahisi kwa mtu mzima. "Na wewe utauza nini Mombasa? Maziwa yako huko yanafika yamekuwa kitu kingine."

Fundi alicheka kwanza, kisha sisi sote, hata muuguzi ambaye macho yake yalikuwa mekundu. Lakini mimi nilicheka kwa juujuu. Nilikuwa nimeshaona kinachofuata. Kama ni Nairobi, fundi anapoteza yadi yake. Nilianza kumwambia kwamba Nairobi pia kuna malori, kwamba nitamsaidia kutafuta, kwamba mwaka mmoja si mwingi. Alininyamazisha kwa kuinua ile mikono yake myeusi.

"Dada, mimi naenda Mombasa."

"Hakuna anayetoka," nilisema. Maneno yalitoka kama yalivyotoka mara ya kwanza, kwa sauti ileile, na nadhani shangazi aliitambua kwa sababu alishusha macho.

Mdogo wangu hakukasirika. "Ng'ombe wanaokamuliwa wanakaa wapi?" aliuliza.

"Karibu na nyumba."

"Na wale wasiokamuliwa, wenye miguu?"

Nilijua anakokwenda na sikutaka kumsindikiza. Kila mtu wa kwetu anajua. Ng'ombe wa maziwa na ndama wanabaki nyumbani pamoja na akina mama na watoto. Wale wakavu, wenye nguvu, vijana wanawapeleka mbali, miezi mingi, kokote mvua iliponyesha. Kundi hilo la mbali linaitwa fora. Na hakuna anayesema boma limevunjika kwa sababu fora imetoka. Kinyume chake, boma lisilo na fora linamaliza majani yake lenyewe.

"Basi mimi ni fora," alisema.

"Fora gani," shangazi akamwambia, "na huna hata mbuzi mmoja mwenye kwato tatu?"

"Nina spana, shangazi."

"Spana haizai."

"Inakamuliwa lakini," alisema, na sote tukacheka tena, na katika kicheko hicho jambo likawa limeamuliwa: yeye Mombasa, sisi watatu Nairobi. Hakuna aliyepiga kura. Shangazi alisoma dua ya kufunga na kumalizia buna zilizobaki, pamoja na zile alizoficha kitinda mimba.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku ile, maana nina saa nyingi za kuosha mitungi. Kwa miaka kumi na moja niliamini kwamba tumebaki familia kwa sababu hakuna aliyevuka mlango. Nililinda mlango. Nikitazama nyuma, mlango haukuwa na kazi kubwa niliyoidhania. Mdogo wangu wa kiume aliwahi kulala gereji wiki nzima gari la mtu likiwa limefunguliwa injini, na hakuna siku ambayo sahani yake haikutengwa. Sahani hiyo ndiyo ilikuwa nyumba. Lakini siwezi kusema kwamba nimeridhika kabisa. Kuna asubuhi naamka nikiwa na hakika kwamba nimefanya, kwa hiari yangu na kwa buna, kile ambacho wazee walitaka kunifanyia bila kuniuliza. Tofauti ninayoiona ni moja: safari hii aliyeondoka ndiye aliyesema naondoka, na anajua anakorudi.

Aliondoka mwezi uliopita. Siku mbili kabla, nilichagua mtungi mdogo wenye mfuniko mzuri, nikaufukiza mara mbili. Safari hii sikumwekea maziwa mabichi. Nilichukua maziwa ya juzi, yaliyokwisha kutulia na kuchachuka vizuri kwa mkono wangu, laini, bila mabonge. Nilifunga uzi mwekundu kwenye mshikio. Aliutazama mtungi, akatambua, akajaribu kunitania kwamba atawauzia watu wa pwani kama dawa. Stendi nilisimama na wanawake wenzangu, mitungi ikipakiwa kwenye basi upande ule, yeye akipanda upande huu. Alinipa mkono kama mwanamume, kisha akainama akaweka paji la uso begani kwangu, kidogo tu, kama alipokuwa mdogo na homa.

Kesho yake saa tatu asubuhi simu ililia nikiwa nachuja maziwa.

"Yamefika vilevile ulivyoyaweka," alisema.

"Umekunywa?"

"Kikombe kimoja. Kingine nimempa mzee wa yadi. Amekunja uso, halafu ameomba tena."

"Mtungi uuoshe kwa maji moto. Na urudi nao."

"Nitarudi nao wapi, Isiolo au Nairobi?"

Niliweka kichujio chini. Lilikuwa swali la kweli, hakuwa anatania. "Nairobi," nilimwambia. "Ghorofa ya tatu, jengo lililo nyuma ya la yule mama wa maziwa wa Islii. Ukipotea, uliza mwenye uzi mwekundu."

Sasa magodoro mawili yameshafungwa kamba. Jiko bado, kwa sababu tunakula. Shangazi amechukua kazi yangu ya huku: atapokea maziwa kutoka malishoni, atafukiza mitungi, atapandisha kwenye basi, nami nitayapokea upande wa pili. Amekwisha kuniambia kwamba nikimgombeza kwa simu atanitumia maji. Muuguzi ameutoa ule mfuko wa plastiki juu ya kabati na anatembea nao kila mahali. Kitinda mimba ameuliza kama nyumba ya Nairobi ina geti la chuma, nikamwambia ndiyo, ina. Ameuliza ufunguo utakaa kwa nani.

Nilimwambia tutachonga nne.

"Kwa nini nne?" alisema. "Sisi tunaoenda ni watatu."

Lakini alishapata jibu kabla sijafungua mdomo, maana aliinuka, akaenda kutafuta kwenye kopo la nyuzi, akarudi na kipande chekundu, akakipima urefu kwenye shingo yake kwanza, kisha akakiongeza kidogo, kwa ajili ya shingo ya mwanamume.